Akaunti ya mtu isikae kwenye kaunta buku la steshenari

Ndugu Mhariri,

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Mwanga na Ujiji hujaa tangu asubuhi. Kijana anafika na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, namba ya NIDA iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Imeili hana. Mhudumu anamfungulia, anaweka paswedi ya mtindo ule ule anaowawekea wateja wote, jina la kwanza likifuatiwa na 123, halafu anaiandika kwenye kaunta buku pembeni ya mashine ya fotokopi. Palipoandikwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti anajaza ya kwake, maana simu ya kijana imezima chaji. Kazi imekwisha, hela imelipwa, kijana kaondoka. Akaunti imebaki dukani.

Baada ya miaka mitatu kijana huyo anaomba kazi: mfumo mwingine, akaunti nyingine. Akifungua genge lake anasajili jina la biashara, akaunti nyingine. Namba ya mlipakodi, nyingine. Benki, SACCOS, bima, kila mlango na kufuli lake. Hatumlaumu mhudumu wa steshenari. Anafanya kazi ambayo waliotengeneza mifumo waliikwepa, yaani kumjua mtu ni nani na kuhakikisha kwamba kesho akirudi atafunguliwa yeye, asifunguliwe mwingine.

Tunaoandika ni mafundi wa mifumo hapa Kigoma, na tunachoomba ni kimoja: tovuti za taasisi za umma, benki na kampuni za simu ziache kutunza kila moja paswedi zake, zipokee utambulisho ambao mwenyewe ameuchagua, kwa kiwango kimoja kinachosomeka na wote. Kiwango hicho kipo. Kinaitwa OpenID Connect, kilizinduliwa Februari 2014 juu ya msingi wa OAuth 2.0, kiwango cha mwaka 2012 cha mtu kuruhusu tovuti moja ifikie taarifa zake zilizo kwenye nyingine, na ndicho kinachofanya kazi nyuma ya kile kitufe cha kuingia kwa Google ambacho wasomaji wengi wameshakibonyeza. Kukitumia hakulipiwi leseni.

Kilitanguliwa na vingine vilivyokwama, na makosa yaliyovikwamisha yanatunyemelea na sisi. Mwaka 1999 Microsoft ilileta Passport, akaunti moja ya kuingilia kila mahali. Wenye tovuti wakajiuliza kwa nini wateja wao wapitie kwanza mlangoni kwa mshindani, na Passport ikabaki kuwa ya Microsoft na jamaa zake. Mwaka 2005 Brad Fitzpatrick wa tovuti ya blogu ya LiveJournal akaanzisha OpenID ya kwanza, ambayo haikuwa na bwana: yeyote angeweza kutoa utambulisho na yeyote kuupokea. Mafundi waliipenda. Watu wa kawaida iliwashinda, kwa kuwa iliwataka waandike anwani nzima ya tovuti mahali walipozoea kuandika jina. Ila ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mwingine: kampuni kubwa zote zilitaka kutoa utambulisho, chache zikakubali kupokea wa wenzao. Fikiria mwalo wa Kibirizi asubuhi ambao kila mtu amekuja kuuza dagaa na mnunuzi hayupo. Microsoft ikajaribu tena kwa kadi za utambulisho za kidijitali, CardSpace, zilizokuja na Windows Vista, ikaziacha mwaka 2011. Wakati huo Facebook, tangu 2008, ilikuwa imeshawavuta watu kwa kitufe chake, rahisi kweli kweli, lakini cha duka moja.

Sasa utaratibu wenyewe. Mwananchi yuko kwenye tovuti ya, tuseme, halmashauri, anabonyeza "Ingia". Tovuti haimwombi paswedi. Inakipeleka kivinjari chake kwa mtoa utambulisho, awe benki, kampuni ya simu au mtoaji wa serikali, kikiwa kimebeba namba ya usajili ya tovuti, anwani kamili ya kurudi, orodha ya taarifa zinazoombwa, na maneno ya nasibu yaliyotengenezwa kwa safari hiyo tu. Mtoaji anamhakiki mtu wake, anamwonyesha kinachoombwa, na mtu akikubali, mtoaji anamrudisha na tiketi fupi. Tiketi hiyo hutumika mara moja na haifai kuishi zaidi ya dakika 10. Seva ya halmashauri inaipeleka kwa mtoaji moja kwa moja, bila kupitia kivinjari, na inapewa tokeni: maandishi yenye saini ya kidijitali yanayosema nani ametoa, yametolewa kwa tovuti gani, yanamhusu nani, saa ya kutolewa na saa ya kufa. Seva inakagua saini, mtoaji, mlengwa, muda na neno la nasibu. Vyote vikiwa sawa, mtu kaingia. Paswedi haikupita halmashauri hata sekunde moja, na siku seva yake ikidukuliwa hakuna paswedi ya kuiba.

Semina nyingi huishia hapo. Kazi yenyewe iko kwenye yanayoharibika.

Kosa linaloongoza ni tovuti kumtambua mtu kwa imeili iliyomo kwenye tokeni. Kiwango kinasema wazi kwamba kinachodumu ni jozi ya mtoaji na namba ya mtu kwa mtoaji huyo. Kwenye tokeni mtoaji ameandikwa iss, na namba ya mtu sub. Imeili hubadilika. Mtumishi akihama ofisi, anwani ile ile anaweza kupewa mrithi wake. Tena kuna watoaji wanaomruhusu mtu kuandika imeili yoyote bila kuihakiki: mjanja akijisajili huko kwa imeili ya mhasibu wa shule, tovuti inayotazama imeili peke yake itamfungulia hesabu za shule. Kwenye jedwali la watumiaji hifadhini jozi hiyo, mkitenga herufi 255 kwa sub, na imeili ibaki ya kumpelekea mtu taarifa tu.

Kosa la pili ni anwani ya kurudi. Fundi anayetaka kumaliza mapema husajili anwani yenye nyota (*), ili ukurasa wowote wa tovuti ukubalike. Ukurasa mmoja dhaifu ukipatikana humo ndani, tiketi inaelekezwa kwa mwizi. Anwani iandikwe herufi kwa herufi, na PKCE, kinga ya mwaka 2015 inayoifanya tiketi iliyoibwa isimfae mwizi, iwashwe hata kama maktaba ya programu inasema si lazima. Funguo za kukagulia saini ya tokeni nazo zisinakiliwe kwa mkono. Mtoaji huzibadilisha, na tovuti iliyonakili itafanya kazi vizuri miezi kadhaa, halafu asubuhi moja kila mtu anakataliwa na fundi hajui aanzie wapi. Seva izisome kwenye anwani ya mtoaji, ikitafuta kwa namba ya ufunguo iliyomo kwenye tokeni.

Halafu saa. Hili tulieleze kwa urefu, maana huku kwetu linakwamisha wengi na lawama huangukia mtandao. Kompyuta za mezani katika steshenari nyingi ni za mtumba. Ndani kuna kibetri cha duara cha CR2032, cha volti 3, kinachotunza tarehe kompyuta ikiwa imezimwa. Kibetri kikifa, umeme ukikatika tu mashine inasahau siku na kuamka ikiamini bado ni mwaka ilipotengenezwa. Kivinjari kinatazama cheti cha usalama cha tovuti, kinaona kinaanza kutumika miaka mingi mbele, kinagoma. Mhudumu anaweka saa kwa mkono. Hapo huja makosa mawili mapya: ukanda wa saa unabaki wa London, kwa hiyo saa inasomeka sawasawa ukutani lakini kwa kompyuta iko mbele kwa saa 2 au 3 kulingana na majira ya huko, au anaandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, na mashine inakwenda nyuma kwa saa 6. Baadhi ya kurasa za kuingilia hukagua muda kwenye kompyuta ya mteja, na tokeni iliyotolewa sasa hivi inaonekana imekwisha kufa, au haijazaliwa. Tiba ni kibetri kipya, kuchagua ukanda wa Nairobi, na kuwasha usawazishaji wa saa kwa intaneti. Kwenye seva, NTP, yaani huduma ya kusawazisha saa kwa mtandao, iwe imewashwa na ukaguzi wa muda uruhusu tofauti ya dakika chache tu. Tumeona ushauri wa kuongeza tofauti hiyo hadi saa nzima ili malalamiko yaishe. Msifanye hivyo, kwa sababu tokeni iliyoibwa itaendelea kufanya kazi saa nzima baada ya kufa.

Lakini hatari kubwa kuliko zote za mlango mmoja, kwa mji ambao watu wanachangia kompyuta, ni kutoka. Mteja anamaliza kwenye tovuti ya halmashauri, anabonyeza "Toka", anainuka. Ametoka halmashauri, kwa mtoa utambulisho bado yumo. Anayekaa kiti kile baada yake anafungua tovuti ya benki, anabonyeza "Ingia", na mtoaji anamwambia benki kwamba huyu ni yule wa mwanzo. Kwa ufunguo mmoja amefunguliwa nyumba nzima. Kinga zipo na ziko ndani ya kiwango: tovuti yenye fedha au nyaraka iombe mtoaji amhakiki mtu upya kila mara, na iweke ukomo wa umri wa uhakiki, tuseme sekunde 300; kitufe cha "Toka" kiwe kinamtoa mtu pande zote mbili; na mhudumu atumie dirisha la faragha (incognito) kwa kila mteja, alifunge mteja akiinuka. Tovuti isiyofanya mawili ya kwanza haifai kuunganishwa, hata iwe ya nani.

Wapo watakaosema tunayo namba ya NIDA, inatosha. Namba ya NIDA ni jina, haiwezi kuwa siri. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mfumo unaouliza namba ya NIDA na kisha tarehe ya kuzaliwa ili umrejeshee mtu paswedi umeuliza kitu kimoja mara mbili. Na fotokopi za kitambulisho ziko kila mahali: kwa wakala, kwa mwenye nyumba, kwenye faili la mkopo wa pikipiki.

Wengine watasema tutume namba ya uhakiki kwa SMS. Inasaidia kuliko kukaa bure, lakini tuseme mipaka yake. Vijiji vya mwambao wa kusini, Sunuka, Buhingu hadi Kalya, mtandao unakuja na kuondoka. Namba inayokufa baada ya dakika 2 humfikia mtu ikiwa maiti. Anabonyeza "tuma tena", ya kwanza inaingia, anaijaza, inakataliwa kwa sababu ombi la pili limeshaifuta. Akirudia mara tatu akaunti inafungwa. Kwa hali zetu namba iishi dakika 10, na kuomba tena kulete namba ile ile hadi muda wake uishe. Hilo halitibu wizi wa laini. Mtu anayerenyu laini yako kwa wakala anapokea namba zako zote. Kuna na ule mchezo wa wakala kusema kidole hakijasoma, weka tena, na ya pili ikasajili laini usiyoijua. Kila msomaji apige *106# aone laini zilizo chini ya namba yake ya NIDA. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliiweka SMS kwenye kundi la njia zenye masharti tangu mwaka 2017.

Njia imara zaidi iliyopo leo ni pasikii (passkey). Simu inatengeneza jozi ya funguo kwa kila tovuti: wa siri unabaki kwa mwenye simu, wa wazi unapewa tovuti. Kuingia ni kuweka kidole au namba ile ile ya kufungulia simu. Hakuna cha kuandika kwenye kaunta buku. Tovuti bandia inayofanana na ya benki haipati kitu, kwani simu inalinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi, kazi ambayo jicho la mtu huishindwa. Kiwango chake, WebAuthn, kilipitishwa Machi 2019, na Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kukiunga mkono kwa pamoja. Simu ya Android 9 na kuendelea inatosha.

Kwenye kompyuta ya steshenari mteja anaskani mchoro wa QR kwa simu yake na kuthibitisha huko huko. Patakapokwama ni hapa: njia hiyo hudai Bluetooth pande zote mbili, ili kuhakikisha simu na kompyuta ziko chumba kimoja, na kompyuta nyingi za mezani hazina. Kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka USB kinamaliza tatizo. Simu nayo lazima iwe na bando. Ukurasa ukifunguliwa kutoka ndani ya Facebook mara nyingi kitufe hukataa. Ufunguliwe kwenye kivinjari kamili. Na pasikii zikihifadhiwa na kampuni moja, kuzihamishia nyingine bado ni kazi: rasimu ya namna ya kuhamisha ilitolewa na FIDO Alliance, muungano wa kampuni unaotunga viwango vya kuingia bila paswedi, Oktoba 2024 tu.

Mwenye kitochi hana pasikii, na hawa ni wengi. Kwao tunapendekeza namba za akiba zilizochapwa, kama Google inavyotoa 10 zenye tarakimu 8 kila moja, na urejeshaji wa ana kwa ana kwa alama ya kidole kwenye ofisi ya serikali, usiachiwe wakala. Kigoma ni mkoa wa mpakani; uhakiki wa uraia huchukua muda na wapo wanaosubiri namba ya NIDA wakiwa na haki zao zote. Mlango mmoja usije ukawa ukuta mmoja kwao. Huduma isiyohitaji uthibitisho wa uraia, mathalani kulipa ushuru wa soko, ipokee utambulisho wa ngazi ya chini.

Na watoaji wasiwe mmoja. Estonia ina kitambulisho cha kidijitali tangu 2002, na ni hodari kuliko wengi. Mwaka 2017 chipu za kadi zake ziligundulika kuwa na dosari, kadi zaidi ya 700,000 zikahusika, na Novemba serikali ikalazimika kusimamisha vyeti vyake. Waliokuwa na utambulisho wa pili kwenye laini ya simu waliendelea kuingia. Mtoaji mmoja tena anaona kila tovuti unayoingia na saa unayoingia. Kiwango kina dawa ya nusu: mtoaji ampe kila tovuti namba tofauti ya mtu yule yule, ili tovuti mbili zisiweze kuunganisha kumbukumbu zake. Wachache huiwasha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa tu. Tovuti ya kulipia ushuru wa soko haina sababu ya kuomba picha na tarakimu 20 za NIDA.

Kwa hiyo Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kila halmashauri inayotangaza zabuni ya mfumo, iweke masharti matatu kwenye kabrasha. Mfumo upokee angalau watoaji wawili kwa OpenID Connect. Programu ya mtoaji iwe na cheti cha kufaulu majaribio cha OpenID Foundation, shirika linalosimamia kiwango hiki, ambacho kimekuwapo tangu Aprili 2015 na orodha yake iko wazi kwa yeyote. Na mzabuni aonyeshe mbele ya kamati, kwa vitendo, mtu akitoka, saa ya kompyuta ikiwa imepotoka, na funguo za mtoaji zikiwa zimebadilishwa. Majaribio hayo hayamalizi nusu siku. Asiyetaka kuanza kutoka sifuri achukue eSignet, programu huria ya mradi wa MOSIP wa Bangalore, India, unaotengeneza mifumo ya vitambulisho vya taifa, inayofuata kiwango hiki hiki. MOSIP yenyewe imeshatumika Ufilipino, Moroko na Ethiopia. Benki na kampuni za simu tunaziomba lile gumu: zinapoomba kuwa watoaji, zipokee na za wenzao.

Wenye steshenari wasisubiri zabuni. Namba ya kurejeshea iwe ya mteja. Simu yake ikiwa imezima, ichajiwe kwanza dukani. Paswedi aiandike mwenyewe kwenye karatasi aondoke nayo. Dirisha liwe la faragha, kibetri kibadilishwe, saa isawazishwe. Na lile kaunta buku la mwaka jana lichomwe, lisiuzwe kwa mama wa vitumbua kufungia.

Mafundi wa mifumo ya kompyuta,
Mwanga, Kigoma